Alhambra, Granada: mwongoza watalii wa peke yetu kwa watu saba. Tiketi, mpangilio, na namna ya kumpima

Nassor_Kilindini

Asalaam alaykum wakuu, na hamjambo nyote.

Mwishoni mwa Aprili tunakwenda Andalusia kifamilia, na siku moja tumeitenga kwa ajili ya Alhambra, ile ngome na majumba ya masultani wa kale pale Granada. Tunataka mwongoza watalii wa peke yetu, tusichanganywe na kundi la basi zima. Tuko saba: watatu kutoka Mombasa, wawili Muscat, wawili Leicester. Yumo mama mkubwa wa miaka 71, kwenye tambarare anakwenda vizuri lakini ngazi zinamtesa magoti. Wamo pia watoto wawili, mmoja miaka 10 na mwingine 14.

Kwanza, tiketi: tununue wenyewe au tumwachie mwongozaji? Mtandaoni naona bei zinapishana hata mara tatu kwa kitu kinachoonekana ni kilekile. Pili, mpangilio gani utamfaa mama mkubwa bila wengine kukosa ya maana? Tatu, nimpimeje mwongozaji kabla sijamlipa? Wazee wetu wawili wanasoma Kiarabu vizuri, na kinachowapeleka hasa ni maandishi ya ukutani. Hatutaki mtu wa kutupigia hadithi za harimu na masultani wakatili mpaka jua lizame.

KarataNaMuhuri

Wa alaykum salaam. Nianze na tiketi, maana hapo ndipo safari nyingi za Alhambra zinapoharibikia.

Anayesimamia mahali hapa ni taasisi ya serikali ya jimbo iitwayo Patronato de la Alhambra y Generalife, na tiketi halali zote chanzo chake ni huko. Tiketi ya jumla ya mtu mzima kwenye tovuti yao ni kama euro 20. Ukiona 60 au 90, ama bei hiyo ina mwongozaji ndani yake, ama unamlipa dalali. Kwa hiyo usilinganishe bei kabla hujajua kila moja imebeba nini.

Sasa aina za tiketi. Alhambra General inakuingiza kote: ngome ya Alcazaba, majumba ya masultani (Palacios Nazaríes), eneo la Partal na bustani za Generalife. Ya pili inaitwa Jardines, Generalife y Alcazaba, nayo haiingii kwenye majumba. Hii ndiyo inayouzwa na mawakala kwa jina tamu la "ziara ya Alhambra", watu wanafika mlangoni ndipo wanagundua kwamba Ua wa Simba, uwanja maarufu wa ndani ya majumba, wataliona kwenye postikadi. Zipo pia tiketi za usiku, za majumba peke yake na za bustani peke yake, lakini kwa mtu anayetaka kusoma maandishi usiku si wakati wake.

Tiketi ina jina na namba ya pasipoti ya mtu, na haihamishwi. Skana zipo lango la kuingilia, mlango wa majumba, Alcazaba na Generalife, na popote hapo unaweza kudaiwa hati. Chukueni pasipoti zenyewe, siyo picha kwenye simu. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Kwa wale wa Muscat, "bin" na "Al" viandikwe kama hati inavyosema, hata kama nyumbani hawavitumii. Na kama kuna mtu ambaye pasipoti yake inakaribia kuisha, aifanye upya kabla ya tiketi kununuliwa, kwa sababu namba itabadilika. Hapo pana mgongano na visa ya Schengen: maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho. Tiketi za Aprili hazitakusubiri mpaka visa itoke. Wengi hununua tiketi mapema na kubeba hatari hiyo ya euro 20 kwa kichwa, na nadhani wanafanya sawa, kwa sababu tiketi ya majumba ikishaisha, haipatikani kwa euro 20 tena.

Mtoto wa miaka 10 haingii kwa pesa, ila lazima awe na tiketi yake. Msipoiombea nafasi pamoja na zenu, atabaki nje huku nyinyi mna tiketi mkononi. Wa miaka 14 ana punguzo. Mama mkubwa hana, kwani punguzo la wazee ni kwa wakazi wa Umoja wa Ulaya, na Leicester kwa sasa haimo.

Saa isiyosamehewa ni moja tu: saa ya kuingia Palacios Nazaríes, imechapwa kwenye tiketi. Wanaingiza watu wasiozidi 300 kila nusu saa. Ukichelewa, hakuna wa kumbembeleza. Ukishaingia hakuna wa kukufukuza, lakini njia ni ya mwelekeo mmoja na ukitoka hurudi. Angalieni mtego wa saa: tiketi ikiandika 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, ikiandika 14:00 ni saa nane mchana. Mwezi Aprili Hispania iko nyuma ya Mombasa kwa saa moja na nyuma ya Muscat kwa saa mbili. Kwenye kundi lenu la WhatsApp andikeni saa kama ilivyochapwa, kila mtu asije akatafsiri kivyake.

Nani anunue? Kama nafasi bado zipo kwenye tovuti rasmi, nunueni wenyewe zote saba kwa mkupuo mmoja ili saa iwe moja, kisha mtafuteni mwongozaji aliye huru saa hiyo. Kama zimekwisha, hapo wakala mwenye mgao wake ndiye njia. Mpeni majina na namba, na dai PDF ya kila tiketi kabla ya kusafiri. Fungua, tafuta maneno Palacios Nazaríes na saa mbele yake. Usipoyaona, umeuziwa bustani.

MatembeziTaratibu

Kuhusu mama mkubwa, ramani ya mahali ndiyo itakayoamua, basi niieleze kwanza.

Alhambra imekaa juu ya kilima kirefu chembamba. Upande wa mashariki, juu kabisa, ndipo lilipo banda la kuingilia na kuuzia tiketi, na Generalife iko jirani. Upande wa magharibi kuna majumba, kasri la Carlos V (mfalme Mkristo wa Hispania aliyekuja baada ya masultani) na ngome ya Alcazaba. Toka bandani hadi kwenye majumba ni dakika 15 mpaka 20 kwa mwendo wa kawaida. Kwa mama mkubwa wekeni 30. Mzunguko mzima unazidi kilomita tatu, kwa mawe ya mviringo, kokoto na miinuko. Viatu vya kufunga, soli ya mpira. Malapa yaacheni hotelini.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mwenye tiketi halazimiki kuingilia lile banda la juu. Anaweza kuingia moja kwa moja katikati, kupitia Puerta de la Justicia, lango kubwa alilolijenga sultani Yusuf I mwaka 1348, au Puerta de los Carros iliyo karibu yake. Lile la kwanza lina fahari yake lakini ndani linapinda na kupanda. La pili ni njia ya magari, halina ngazi, na linakutoa moja kwa moja ubavuni mwa kasri la Carlos V. Basi dogo la C30 linapanda kutoka Plaza Isabel la Católica mjini na kusimama karibu na hapo. Teksi pia inafika. Msimpandishe kwa miguu Cuesta de Gomérez. Ni njia nzuri ya msituni yenye kivuli, lakini mlima wake ni mkali, atafika amechoka kabla ziara haijaanza.

Kwa kundi lenu mimi ningepanga hivi. Saa ya majumba iwe asubuhi, tuseme 9:30 au 10:00. Mshuke Puerta de los Carros nusu saa na zaidi kabla, wote waende msalani, kisha foleni. Ndani ya majumba tengeni saa moja na nusu, siyo dakika 45 zinazotolewa na vikundi. Sehemu kubwa ni tambarare, isipokuwa mwishoni, baada ya Ua wa Simba, njia inapitia vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya Carlos V halafu inashuka kwa ngazi kwenda kwenye nyua ndogo za chini na Partal. Mwambieni mhudumu mapema kwamba yupo mtu wa magoti, awaonyeshe njia nyingine. Msingoje kufika kwenye ngazi ndipo muulize.

Mkitoka, mama mkubwa apumzike Plaza de los Aljibes au ndani ya kasri la Carlos V, ambalo ua wake wa duara una kivuli na ghorofa ya chini kuna Museo de la Alhambra. Kuingia ni bure, sakafu ni sawa, ila Jumatatu wanafunga. Humo ndimo ulimo mtungi mkubwa uliochorwa wanyama aina ya paa, Jarrón de las Gacelas, na hauhitaji kupanda ngazi hata moja kuuona. Wakati huo watoto na wengine waende Alcazaba wakapande Torre de la Vela. Alcazaba kwa magoti mabovu haifai: mabonde, mawe na ngazi nyembamba.

Generalife iwe ya mwisho, na kwa mama mkubwa mwisho wake uwe ua wa mfereji mrefu, Patio de la Acequia. Kupanda juu zaidi ni kwa ajili ya ile ngazi ambayo maji yanatiririka ndani ya kuta zake za kushikilia. Watoto wataipenda kuliko kitu chochote.

Mizigo: begi linalozidi sentimita 40 kwa 40 halipiti, na la mgongoni linabebwa kifuani ndani ya majumba. Tripodi na mwanga wa kamera havitakiwi. Chakula hakiliwi ndani, maji ya kunywa bebeni.

Chokaa_na_Jasi

Wakuu wawili hapo juu wamemaliza ya njiani. Mimi nijibu la mwongozaji, kwa sababu hapo ndipo pesa yenu itafaa au itapotea.

Kisheria, anayeongoza watu ndani ya Alhambra awe na leseni ya mwongoza watalii ya Junta de Andalucía, yaani serikali ya jimbo. Kitambulisho chake anakivaa. Mwombe namba kabla ya kulipa; mwenye nayo anaitoa bila kusita. Kisha muulize kwa maandishi: bei ni ya kundi zima au ya kichwa, ni masaa mangapi, tiketi zimo au hazimo, na "binafsi" maana yake ni nyinyi saba pekee au ni "kundi dogo" ambalo mtaongezewa watu? Ziara ya kawaida ni masaa mawili na nusu hadi matatu. Kwa mzee wa magoti na wasomaji wa Kiarabu ombeni manne, na mkubaliane bei ya saa ya nyongeza mapema. Ombeni pia vifaa vya kusikilizia masikioni, hata kwa watu saba. Kumbi za marumaru na vigae zinarudisha sauti, kuna vikundi vitatu kando yenu kila dakika, na mama mkubwa atakuwa ameketi pembeni wakati nyinyi mmesimama katikati.

Leseni, hata hivyo, haikuhakikishii kwamba mtu anasoma kilichoandikwa ukutani. Wapo waongozaji wazuri sana wa historia wasiojua herufi moja ya Kiarabu, na kwa familia nyingine hilo si tatizo. Kwenu ni tatizo. Basi mpeni maswali haya kwa barua pepe:

Muulize, kwenye Ukumbi wa Mabalozi, chini ya dari, imeandikwa sura gani? Jibu ni Surat al-Mulk. Dari lile ni la mbao za mwerezi, maelfu ya vipande vilivyounganishwa kuwa nyota katika safu saba za mbingu, na sura inayosema Mwenyezi Mungu ameumba mbingu saba tabaka kwa tabaka imezungushwa chini yake. Mtu asiyekuonyesha uhusiano huo amekuonyesha mbao tu. Dari liko kama mita 18 juu, kwa hiyo kila msomaji wenu awe na darubini ndogo. Bila darubini shingo itauma na herufi hazitasomeka.

Muulize pia, yale madoa mekundu ndani ya birika la Ukumbi wa Abencerrajes ni nini? Akijibu ni damu ya mashujaa waliochinjwa, huyo ndiye mnayemkimbia. Ni kutu ya madini ya chuma ndani ya marumaru. Ngano yenyewe anaweza kuisimulia, ila aseme ni ngano.

La mwisho: kipi kati ya tunavyoviona si cha masultani? Hapa ndipo mtaalamu anapojitenga na mkariri. Atakwambia Mexuar, ukumbi wa kwanza kabisa, uligeuzwa kanisa, na kwamba baadhi ya vigae vyake vina nguzo mbili na maneno ya Carlos V, *Plus Oultre*. Atakwambia banda moja la Ua wa Simba lilivishwa kuba la vigae vya rangi mwaka 1859 kwa sababu warekebishaji wa wakati ule waliona ndivyo "mashariki" inavyopaswa kuonekana, na kwamba msanifu majengo Leopoldo Torres Balbás aliling'oa miaka ya 1930 na kurudisha paa la kawaida. Atakwambia kanisa la Santa María limesimama palipokuwa msikiti mkuu. Anayesema kila kitu ni cha asili hajui, au hajali.

Sasa kwa wazee wenu wasomaji. Waambieni wasitarajie Qur'ani kila ukuta. Kilichorudiwa kuliko vyote ni kaulimbiu ya ukoo wa Banu Nasr, masultani waliotawala hapa, *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ipo kwenye ngao, kwenye mikanda, juu ya vichwa vya nguzo. Baada yake ni maneno mafupi ya dua, baraka, izza, mulku. Mashairi ni machache, na ndiyo hazina. Yaliyo mengi ni ya washairi watatu waliokuwa makatibu wa dola: Ibn al-Jayyab, Ibn al-Khatib na Ibn Zamrak. Kanuni ya kusaidia jicho: maandishi ya pembe-pembe ya kikufi mara nyingi ni dua na kaulimbiu, na yale ya mviringo yanayotiririka ndiyo ya mashairi. Anzeni kutafuta kwenye haya ya pili.

Karibu kila shairi linazungumza kwa nafsi ya kwanza. Ukumbi unajisifu wenyewe, dirisha linajisifu, hata vishubaka vidogo vilivyochimbwa pande mbili za mlango. Mtu wa Lamu au Mombasa akivitazama atafikiria kidaka cha nyumbani, ila hivi viliwekewa mitungi ya maji, na beti zilizovizunguka zinausifu mtungi na kiu inayokatwa. Vikundi vinavipita bila kugeuza shingo kwa sababu viko mlangoni, na mlangoni watu wanasukumana. Mwambieni mwongozaji asimame hapo kundi la nyuma likishapita.

Jambo jingine linalopotea ni urefu wa macho. Madirisha ya Ukumbi wa Mabalozi yako chini sana, karibu na sakafu, na mtu aliyesimama anaona yamekosewa. Waliotumia ukumbi ule waliketi chini, juu ya mazulia na mito. Chuchumaeni. Mandhari ya mtaa wa Albaicín inaingia sawasawa kwenye fremu, na mapambo ya ukuta yanajipanga kwa ngazi: vigae usawa wa mgongo, maandishi usawa wa macho, plasta juu yake, kisha mbao. Kiti cha sultani kilikuwa kwenye kishubaka cha katikati, mkabala na mlango, dirisha likiwa nyuma yake. Aliyeingia kutoka kwenye mwanga wa uani alimwona sultani kama kivuli chenye nuru nyuma, na sultani alimwona yeye mzimamzima. Watoto waelezeni hilo wakiwa wamesimama palepale mlangoni, wataelewa siasa ya jengo kuliko watu wazima.

Na tafadhali, mikono mbali na kuta. Mapambo yale si jiwe. Ni plasta ya jasi, laini, na chumvi na mafuta ya vidole vinaila polepole. Zile nyuzi za buluu na nyekundu zilizobaki ndani ya mikunjo ni rangi ya kale. Kwenye sehemu zilizoguswa sana hazipo tena.

Nassor_Kilindini

Shukrani za dhati, wakuu. Hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Nina mawili yamebaki. Ua wa Simba lenyewe, mwongozaji atueleze nini pale, maana ndilo kila mtu analolipigia picha? Na siku tuliyonayo huenda ikawa Ijumaa, swala tutaipata wapi bila kuvuruga tiketi?

DiraYaAndalusia

Kabla ya hayo, nipingane kidogo na MatembeziTaratibu. Kumaliza na Generalife kwa watu walioanzia Puerta de los Carros ni kupanda kilima wakati tayari wamechoka, tena saa sita au saba mchana. Mwishoni mwa Aprili jua la Granada bado lina huruma, lakini kupanda ni kupanda. Mpangilio ninaoutetea ni kuingilia banda la juu 8:30 (saa mbili na nusu asubuhi), Generalife kwanza kabla vikundi havijafika, halafu kuteremka taratibu kufuata barabara ya kati kuelekea majumba, kwa tiketi ya 11:00 au 11:30 (saa tano au tano na nusu). Siku nzima ni mteremko, na mnatokea Puerta de la Justicia mkiwa mnashuka. Teksi ya asubuhi inawashusha pale juu mlangoni kabisa.

MatembeziTaratibu

Hoja ya mteremko naikubali kwa watu wazima wenye miguu yao. Kwa mama mkubwa bado nasimama na langu: nguvu zake za kwanza ziende kwenye majumba, kwa sababu hayo hayana mbadala, na Generalife akiikosa atakuwa ameona bustani nyingine. Ukianza Generalife na goti likagoma saa tatu na nusu asubuhi, utamfikishaje kwenye majumba kwa saa iliyochapwa? Ila kama mnaona atamudu, basi mpango wa DiraYaAndalusia uwe na sharti: Generalife iishie Patio de la Acequia, na kati ya hapo na majumba muwe na saa nzima mkononi. Na teksi ya kutoka Puerta de los Carros hadi banda la juu ipo kwa anayefuata mpango wangu, hakuna anayelazimika kupanda kwa miguu.

Chokaa_na_Jasi

Ua wa Simba. Ni kazi ya sultani Muhammad V, katika utawala wake wa pili ulioanza 1362. Nguzo ni 124, nyembamba kiasi kwamba mtu anajiuliza zinabebaje. Mwongozaji mzuri atawaonyesha vitu viwili ambavyo kamera haivioni.

Cha kwanza, hayo matao ya plasta yenye matundu kama kitambaa hayabebi kitu. Uzito unashuka kwenye vipande vya matofali vilivyojificha juu ya kila nguzo, na plasta imejazwa katikati. Kisha tazameni maungio ya nguzo, pale kichwa kinapokutana na shina. Kuna bamba jembamba la risasi, mstari wa kijivu. Risasi ni laini, inafuata mtikisiko, na Granada ni nchi ya matetemeko. Jiwe juu ya jiwe lingepasuka.

Cha pili ni maji. Maji ya kilima chote yalichotwa mto Darro, kiasi cha kilomita sita juu ya bonde, yakaletwa kwa mfereji wa kifalme, Acequia Real, unaopita Generalife kwanza. Kwa kuwa mfereji uko juu ya majumba, shinikizo linatokana na mwinuko peke yake, hakuna pampu iliyohitajika. Birika linalobebwa na simba lina kipande cha katikati chenye matundu: mengine ya kuingiza maji, mengine ya kuyatoa, yamepimwa ili maji yatulie kwa kimo kilekile, ukingoni kabisa, bila kumwagika wala kupungua. Birika lina pande 12, na kila upande una ubeti mmoja wa Ibn Zamrak. Mmoja unasema hujui kipi kati ya maji na marumaru ndicho kinachotiririka. Hiyo si sifa ya kishairi tu, ni maelezo ya mtambo, na msomaji wenu akiusoma huku akitazama ukingo wa maji ataliona. Tatizo ni kwamba hamruhusiwi kusogelea birika, kwa hiyo darubini tena, na mwongozaji awe na nakala ya beti zilizochapwa kwa herufi kubwa. Mwombeni ailete.

Simba hawafanani, kila mmoja ana manyoya na uso wake. Walitolewa kufanyiwa ukarabati wa miaka kadhaa, wakarudishwa mwaka 2012, na ndipo sakafu ya ua nayo ilipotandikwa marumaru. Picha za zamani zitawaonyesha kokoto.

Kwa kuwa watatu mnatoka Mombasa, mkumbusheni mwongozaji habari za Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Mwaka 1331 alipita Mombasa akielekea Kilwa, na mwaka 1350 alifika Granada. Sultani alikuwa Yusuf I, mgonjwa wakati huo, hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea msafiri dinari za dhahabu. Mnara wa Comares ulio juu ya Ukumbi wa Mabalozi ni wa sultani huyohuyo. Ua wa Simba lilikuwa halijajengwa. Mtoto wa miaka 14 akishika hilo, tarehe za majengo hazitampotea tena.

DiraYaAndalusia

Swala ya Ijumaa: msikiti mkuu wa Granada, uliofunguliwa 2003, uko Albaicín, pembeni mwa uwanja wa San Nicolás, mkabala na Alhambra kabisa, bonde la Darro likiwa katikati. Basi la C32 linaunganisha Alhambra na Albaicín. Mitaa ya huko ni myembamba na ya mawe, kwa mama mkubwa teksi ni bora. Ulizeni saa ya hotuba siku hizohizo, kwa kuwa inafuata jua na Hispania inatumia saa za kiangazi, hivyo adhuhuri huingia baada ya saa nane mchana kwa saa za huko. Hiyo inawapa nafasi: majumba 9:30 (saa tatu na nusu asubuhi), mnamaliza ngome na makumbusho kabla ya saa saba, kisha teksi.

Generalife mkitaka kuirudia baada ya swala, mwulizeni mwongozaji kabla, kwa sababu masaa ya mwongozaji yatakuwa yameisha na skana ya Generalife inasoma tiketi mara moja tu. Mkiiacha kwa ajili ya jioni, msiiguse asubuhi. Aprili milango iko wazi mpaka saa mbili usiku, na kuanzia saa kumi na moja jioni vikundi vingi huwa vimeshaondoka.